Mbiu ya Msiba Haitembei

Nyinyi mnaopita hapa kwangu na yale magari ya muziki, mkitangaza sabuni na mikopo na wahubiri, hebu niwaulize: mmewahi kuzima injini mkanyamaza kidogo, mkaangalia kama kuna mtu aliyewasikia? Nauliza kwa sababu mimi nawasikia lakini siwaelewi. Juzi kapita kijana mmoja, nikajikokota na fimbo yangu mpaka mlangoni nijue kunani, nikaambulia neno moja tu, "bei". Bei ya nini, ya wapi, mpaka leo sijui. Mke wangu anasema ni wivu wa uzeeni. Si wivu. Kazi hiyo hiyo mimi nimeifanya katika mji huu wa Malindi mpaka mvi zikanishika, na mtu akiiona kazi iliyomlea inachezewa, mdomo humwasha.

Naitwa Kazungu, mtu wa Vitengeni. Niliingia mjini kutafuta kibarua cha ujenzi, nikapata cha kusema. Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimesimama mbele ya duka la Bwana Salehe, fundi wa redio, nikigombana na mwenye baiskeli aliyenikanyaga mguu. Yeye alikuwa ameshafika ng'ambo ya barabara na mimi bado namjibu. Bwana Salehe akatoka na bisibisi mkononi, akaniangalia kuanzia miguu mpaka kichwa, akasema, "Ewe bwana, sauti hiyo unaitumia kugombania kidole cha mguu? Njoo ndani." Alikuwa na pikapu kuukuu, na juu yake amefunga vipaza sauti viwili vilivyopanuka kama maua ya maboga. Aliyekuwa akitangaza alikuwa amekwenda zake Mombasa. Siku ile ile nikakabidhiwa gari, na mguu wangu ukiuma vile vile.

Nilidhani kazi ni kelele. Mchezo wa kwanza wa mpira nilioutangaza, niliendesha kwa mwendo wa harusi iliyochelewa, nikipiga maneno mfululizo bila kumeza mate. Waliokaa mwanzo wa mtaa wakapata siku ya mchezo, na waliokaa mwisho wa mtaa wakapata mahali. Wale wa siku wakazunguka mji mzima kutafuta uwanja. Wale wa mahali wakaenda uwanjani kesho yake na miavuli yao, wakakuta mbuzi wanakula majani golini. Bwana Salehe hakunigombeza. Alinipeleka kwa Mzee Bwanaheri.

Mzee Bwanaheri ndiye aliyekuwa mpiga mbiu wa mji kabla ya magari. Alikuwa na pembe ya nyati aliyorithi kwa babake, na alikuwa akitembea mtaa kwa mtaa, anapuliza, anasema, anasonga mbele. Nilimkuta ameacha kazi zamani, amekaa nyumbani kwake anasuka kamba. Nikamsalimia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba," kisha akaniambia nitangaze kitu chochote. Nikatangaza mpira. Akauliza, "Huo mpira unafukuzwa na nani?"

Aliyonifundisha yule mzee ndiyo yaliyonilisha maisha yangu yote, na nyinyi nawapa bure. Sema kidogo, ngoja, usikilize sauti yako ikirudi kutoka kwenye kuta. Haijarudi, hujafika. Upepo ukikujia usoni, geuza gari. Usishindane na adhana, wala na kengele ya kanisa, wala na mama anayemwita mwanawe, maana hao watatu watakushinda. Mtoto akipotea, anza na nguo alizovaa, jina lifuate, kwa sababu mtu aliyemwona barabarani aliona shati, hakuona jina.

Na juu ya yote, akanifundisha habari ya kifo. "Mbiu nyingine zote hutembea," alisema. "Mbiu ya msiba haitembei. Ukiwa na jambo hilo unasimama, unavua viatu, unawakabili watu. Jina la marehemu unalitaja mwisho kabisa. Kwanza unasema ukoo, unasema ni babake nani, ni nduguye nani, ili aliye wake apate kushika ukuta." Nikamwuliza, na mimi mwenye gari nivueje viatu? Akafikiri, akasema, "Zima injini. Hivyo ndivyo viatu vyako."

Basi ikawa hivyo. Gari la Kazungu likipita linaunguruma, watu waliendelea na vinyozi wao na nazi zao, wakisikia kwa sikio moja. Likisimama na injini ikazimwa, mji mzima uliacha mikono. Wanawake walivuta kanga kichwani kabla sijafungua mdomo. Na kwa adabu za huku kwetu, hakuna aliyepaza sauti kuuliza nani amekufa. Unachukua kuni zako au unga wako, unakwenda unakokwenda mwenzako, utajua hukohuko.

Shikeni hilo, kwa sababu ndilo lililotutokea puani Chokaani.

Chokaani ulikuwa mtaa wa wachoma chokaa. Matanuri yenyewe yalikwisha kufa nilipohamia, yamebaki mashimo meusi upande wa juu, karibu na kiwanja, lakini watu walibaki. Kulikuwa na Waswahili wa tangu na tangu, na sisi Wagiriama tulioshuka kutoka bara, na wenzetu wa Ukambani na kwingineko waliofuata biashara na kazi. Nyumba zilikuwa za mawe na udongo, paa za makuti, vichochoro vya kupita mtu na punda wake. Mimi nilipanga chumba kwa Bi Mwanaisha, mjane wa mchoma chokaa, nyumba yake ikitazamana na kisima. Mwanangu wa kwanza alizaliwa mle, na Bi Mwanaisha ndiye aliyempokea kwa mikono yake.

Katika miaka hiyo ya themanini mji ulikuwa unatanuka. Hoteli zilikuwa zinaota ufukweni, na wakubwa wa mji wakaja na mpango wao: soko jipya, barabara ya malori, na kiwanda cha kukamua maembe. Maembe, nyinyi hamkuyaona yale. Msimu ukifika, kule Kakuyuni na Magarini yalikuwa yanaozea chini mpaka nguruwe mwitu wanayachoka. Mtu analima mwaka mzima, kisha anaangalia jasho lake likiliwa na nzi. Kiwanda kilikuwa jambo jema, nani angebisha? Lakini ramani ilikiweka juu ya Chokaani. Mtaa wote ulikuwa uvunjwe, na watu wapewe viwanja mbali, nje ya mji, porini kusikokuwa na maji.

Mji ukagawanyika kama nazi. Vijana walitaka kiwanda hata jana. Wazee walitaka makaburi yao na kisima chao. Kwa kinyozi watu waliondoka wamenyolewa upande mmoja kwa hasira. Na mimi, gari langu lilikuwa la kukodiwa, sikuwa na upande. Asubuhi nilipita nikisema kiwanda ni riziki, jioni nilipita nikisema Chokaani hatutoki. Bi Mwanaisha akinipakulia chai huniambia, "Kazungu mwanangu, mdomo wako una mlango wa mbele na wa uani." Namjibu, "Bibi, nyumba yoyote nzuri ina milango miwili." Anacheka, kisha ananiangalia na kicheko kinakufa. Ilikuwa nyumba yake, na yangu pia.

Lililomuuma zaidi lilikuwa la ndani. Alikuwa na mjukuu, Omari, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Kijana mrefu, hodari wa kupanda mti, alikuwa akichuma maembe kwa kibarua kule Kakuyuni, na ndiye aliyekuwa kichwa cha vijana wa kiwanda. Jioni moja walikorofishana mbele yangu. Omari akasema, "Bibi, nyumba hii italipa mshahara?" Bibi akajibu, "Na mshahara wako utanikinga mvua?" Kijana akachukua shuka lake akahamia Kakuyuni. Hakurudi hata siku ya sikukuu. Bi Mwanaisha alimwekea sahani yake ya wali, ikapoa, akaifunika, akaila mwenyewe asubuhi. Sikuwahi kumwona mtu akila wali kwa majonzi vile.

Mikutano ilifanyika kiwanjani, pale kwenye matanuri. Wa kwanza ulikufa kwa kelele, vijana waliimba mpaka msemaji akakaa. Wa pili ulikufa kwa maembe mabovu, na moja lilimpata Bwana Mwangangi kifuani. Huyu alikuwa ofisa aliyetumwa kuusimamia mpango, Mkamba mmoja mpole, mwenye shati jeupe kila siku. Alijipangusa, akakunja ramani, akaondoka bila neno. Baadaye akanijia dukani akaniambia, "Kazungu, kuna mkutano mmoja umebaki, basi. Wasipokuja kusema wanachotaka, mpango utapita kama ulivyochorwa. Mimi sitakuwa na la kuwatetea. Waambie hivyo."

Nikawaambia. Nilipita Chokaani kutwa nzima nikisema mkutano ni wa mwisho. Madirisha yakafungwa mbele ya uso wangu. Wazee walikuwa wameapa kutokwenda kutukanwa na watoto. Vijana walikuwa wameapa kutokwenda kukaa na watu wa kale. Bi Mwanaisha aliniambia wazi, "Waende waseme na mashimo ya tanuri." Usiku ule mke wangu aliuliza tutahamishia wapi kitanda cha mtoto.

Asubuhi ya siku yenyewe nikatoka tena. Kusi lilikuwa linavuma kwa nguvu, na betri ya gari ilikuwa na ugonjwa wake wa siku nyingi. Nilipofika kisimani, mlangoni hasa pa Bi Mwanaisha, injini ikakohoa mara moja ikafa. Nikajaribu, kimya. Nikajiambia, almuradi kipaza sauti bado kina uhai kidogo, wacha nimalize la kusema kwanza, gari baadaye. Nikasimama wima, nikashika kipaza sauti, nikasema polepole kwa sababu betri ilikuwa hoi na sauti ilitoka nyonge, kama ya mtu aliyelia. Nilisema kila mtu afike kiwanja cha matanuri saa nne, asikose mkubwa wala mdogo, kwa ajili ya mtaa wetu ambao baba zetu waliujenga, mtaa wa Chokaani. Jina nililiweka mwisho, mkono ulivyozoea.

Kisha nikashuka nikaenda kumtafuta fundi. Sikuona kitu, sikuwaza kitu. Akili yangu yote ilikuwa kwenye betri.

Fundi alinisumbua sana, mara hana waya, mara hajanywa chai. Niliporudi naye, gari lilikuwa pale pale peke yake. Mtaa ulikuwa mtupu. Hakuna mtoto kisimani, hakuna moshi jikoni, milango imerudishiwa tu. Fundi akasema, "Kazungu, watu wako wameshahama?" Nikaacha gari nikakimbilia kiwanjani.

Wanangu, nilikuta Chokaani yote. Wanawake wameketi chini kwenye mikeka, kanga kichwani, kimya. Wanaume wamekaa kwenye mabenchi ya msikiti na ya kanisa, yamechanganywa pamoja. Hata wale vijana waimbaji walikuwepo, wamesimama nyuma na kofia mkononi. Pembeni kulikuwa na mafungu ya kuni, madebe ya maji, unga, nazi, na sufuria zile kubwa za shughuli. Chokaani nyumba zilikuwa ndogo, msiba mkubwa ulifanyiwa pale pale kiwanjani. Nikadhani kweli mtu amekufa nikiwa kwa fundi, na mimi ndiye mtangazaji sina habari.

Bwana Mwangangi alifika wakati ule ule na askari wawili, ramani kwapani, na safari hii amevaa shati la kahawia. Alikuwa amejiandaa kwa maembe. Alipoona ule utulivu akavua kofia, askari nao wakavua. Akamsogelea Mzee Bwanaheri, aliyekuwa amekaa mbele na mkongojo wake, akauliza kwa sauti ya chini, "Poleni sana, mzee. Nani ametutoka?"

Mzee akamjibu, "Hatujaambiwa bado. Tunamngoja Kazungu."

Macho ya kiwanja kizima yakanigeukia. Hapo ndipo nilipokumbuka injini. Nikaona gari limezimwa mlangoni pa Bi Mwanaisha, sauti nyonge, ukoo kwanza na jina mwisho, na jina lenyewe limechukuliwa na upepo.

Na Bi Mwanaisha alikuwa ameketi mkeka wa mbele kabisa, jirani mmoja amemshika huku na mwingine huku. Nilikuwa nimetangazia mlangoni pake, kwa hiyo kila mtu alijua msiba ni wa nyumba ile. Yeye alikuwa uani akipepeta mchele niliposema. Alipotoka mbele mimi nimekwenda, akakuta majirani wamekwisha kuja kumshika mkono. Hakuuliza, kwa sababu ya adabu, na kwa sababu aliogopa. Aliniita kwa kidole. Nikapiga magoti mbele yake.

"Wewe ndiye uliyetangaza, mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa kavu. "Usinifiche. Ni Omari?"

Nimetangaza vifo vingi, vijana wangu. Hakuna siku ulimi ulinishinda kama ile, na habari yenyewe ilikuwa njema. Nikamwambia, "Bibi, hakuna aliyekufa. Gari limeharibika. Wallahi ni gari tu." Hakunisadiki. Aliniangalia kama wanavyomwangalia mtu anayewapoza. Kila niliposema gari, yeye alitikisa kichwa na kusema, "Ni Omari. Aliondoka sijampa radhi."

Sasa, muuza samaki mmoja alikuwa amepita kisimani asubuhi na baiskeli yake, akaona gari limesimama mlango gani, akaendelea na safari yake ya Kakuyuni. Huko akamkuta Omari juu ya mwembe. Akamwambia tu, "Shuka, gari la Kazungu limezimwa mlangoni kwenu." Omari hakuuliza zaidi. Akamnyang'anya baiskeli pamoja na kapu la samaki.

Tulimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa analia kwa sauti, mtu mzima yule, akipita kati ya watu bila kuangalia anakanyaga nini, anaita, "Bibi yangu, bibi yangu!" Alikwenda moja kwa moja mahali alipodhani jeneza limewekwa. Akamkuta bibi mwenyewe ameketi anamtazama.

Walitazamana. Kisha Bi Mwanaisha akasema, "Ewe mtoto, unanilia na mimi nipo?" Na Omari akaanguka mapajani mwake akalia upya, mara hii kwa furaha, na bibi akampiga mgongoni ngumi za mapenzi akisema, "Umekonda! Umekonda, kwani huko maembe hayaliki?"

Aliyeanza kucheka ni Mzee Bwanaheri. Alicheka mpaka mkongojo ukamponyoka. Kisha kiwanja kizima kikacheka, wengine wakilia huku wanacheka, na Bwana Mwangangi, alipoelezwa, alikaa kwenye debe la maji akajifuta macho kwa pembe ya ramani. Mimi peke yangu sikucheka mara moja. Nilisimama nikingoja nani atanipiga kwanza.

Hakuna aliyenipiga. Mama mmoja akasema, "Haya, na kuni hizi turudi nazo?" Mwingine akasema nazi zimekwisha vunjwa. Basi moto ukawashwa, na kwa desturi, shughuli ikishatiwa moto hakuna aondokaye kabla ya kula, awe ofisa au askari. Na mahali pa msiba hapatukanwi mtu. Watu walikuwa wamekuja na adabu za matanga, na zile adabu hazikuwatoka hata baada ya kujua hakuna maiti. Mmoja alisema, wengine walisikiliza. Mkutano uliokufa mara mbili ukafufuka juu ya mkeka wa kilio.

Omari alisimama wa kwanza, macho bado mekundu. Alisema, "Mimi kiwanda nakitaka, na nitakitaka mpaka nife. Lakini leo njiani kote nilikuwa nafikiri sina tena pa kurudi. Sikutaka kazi ya namna hiyo." Akakaa. Wazee hawakupiga makofi, walikohoa tu, na kwa wazee kukohoa ni kitu kikubwa.

Bi Mwanaisha akaeleza kwamba yeye hakuwahi kuyachukia maembe. Aliuliza kwa nini kiwanda kisikae pale pale tulipokuwa tumeketi, kwenye matanuri, ardhi iliyoungua ambayo hakuna anayejenga. Bwana Mwangangi akafungua ramani kwenye mkeka, watu wakashika pembe zake. Hakuwa mtu wa hila. Akaonyesha kwamba mahali panatosha, walikwisha kulifikiria ofisini, lakini malori hayatapata njia bila kupasua nyumba za mbele, na wakubwa waliona afadhali kuondoa zote mara moja kuliko kugombana na mlango mmoja mmoja. Hapo watu wakaanza kubishana kweli, lakini sasa ni ubishi wa kupima. Huyu anatoa ukuta wa uani, yule anatoa banda la mbuzi, mwingine hatoi hata jiwe na anataka kujua kwa nini jirani yake hatoi. Bi Mwanaisha alikuwa na baraza ya mawe mbele ya nyumba, aliyoijenga marehemu mumewe kwa chokaa yake mwenyewe, na jioni zote alikaa pale. Ilikuwa ndani ya njia ya malori. Akaifuata njia ile kwa kidole juu ya ramani, akasema, "Chukueni baraza. Nitakaa ndani, mradi niwe na ndani."

Wengine walikuwa wameshaanza kupakua wali. Bwana Mwangangi alikula sahani mbili. Alipoaga alisema hawezi kuahidi kitu, yeye ni wa kupeleka maneno tu. Nikamwambia na mimi pia ni wa kupeleka maneno, tutaona nani atasikilizwa.

Tukangoja. Kungoja ndiko kulikokuwa kugumu. Omari alirudi nyumbani akalala kwenye kitanda chake, miguu ikining'inia. Bi Mwanaisha aliendelea kukaa kwenye baraza yake kila jioni, akiipapasa kwa mkono. Mtu aliyepita na kunitania, "Kazungu, leo unazika nani?" nilimjibu, lakini moyoni nilikuwa na hofu kama wote.

Kisha siku moja Bwana Mwangangi akaja dukani na karatasi. Bwana Salehe akaisoma, akanipa, nami nikaisoma mara ya pili kwa sababu sikuyaamini macho. Nikaingia garini. Betri ilikuwa mpya.

Njia nzima nilikuwa nafikiri nitaisemaje. Ningeweza kupita naunguruma, kama habari ya mpira. Lakini nilijua watasikia kwa sikio moja, na jambo hili lilistahili masikio yote mawili. Nikafika kisimani. Nikasimama. Nikazima injini.

Mtaa ukanyamaza. Kinu kimoja kilichokuwa kinatwanga kikaacha. Bi Mwanaisha, kwenye baraza yake, akavuta kanga kichwani, na Omari akatoka ndani akaja kusimama nyuma yake, mkono begani. Nikavua viatu vile vile, ingawa nilikuwa na gari. Nikashika kipaza sauti.

Nikasema: "Ulijengwa na wachoma chokaa. Ni mama wa Omari na wenzake. Ndio uliompokea mwanangu. Leo wakubwa wa mji wamekata shauri kiwanda kijengwe kwenye matanuri, na vijana wake wawe wa kwanza kupewa kazi. Barabara itachukua baraza na kuta, nyumba haitavunjwa hata moja. Haondoki mtu. Upo, na utabaki kuwapo, mtaa wa Chokaani."

Kwanza hakuna aliyesogea, maana masikio yalikuwa yamejiandaa kwa kifo. Kisha kigelegele kikatoka nyuma ya kisima, kikajibiwa na kingine, na cha tatu kilikuwa cha Bi Mwanaisha mwenyewe, ameshika ile baraza yake kwa mikono miwili kama mtu anayeaga na kushukuru kwa pamoja.

Mzee Bwanaheri akatoka kichochoroni anahema, kanzu imefungwa upande. Kelele hakuzisikia vizuri, alikuwa ameona gari tu. "Nani kafa?" aliuliza.

"Hakuna, mzee."

"Sasa mbona umesimama? Nilikufundisha nini?"

"Nilitaka wasikie."

Akaitazama miguu yangu mitupu, akawatazama wanawake wanaoruka kisimani, akamtazama Omari aliyembeba bibi yake juu kama kapu la maembe. Alitafuna mdomo wake usio na meno kwa muda. Kisha akasema, "Haya. Vaa viatu, uende ukawaambie na wa mtaa wa pili. Na wa huko pia usiwapitie unakimbia."